Kinyonga wa pembe tatu anahitaji usiku wa baridi

Wanaoniandikia kuhusu kinyonga anayedhoofika huuliza waongeze taa gani. Mimi huwauliza kwanza: usiku chumba chako kinapoa kiasi gani? Kwa kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, jibu la swali hilo lina uzito kuliko kifaa chochote cha dukani.

Huyu ni mnyama wa nyanda za juu. Kwao ni miteremko ya Mlima Kenya, Aberdare, vichaka vya Nairobi, na kwa upande wa Tanzania, Mlima Meru. Huko jua la mchana ni la wastani, usiku watu huvaa sweta, na alfajiri majani yamelowa umande. Mwaka 1972 baadhi yao waliachiliwa kisiwani Oahu, Hawaii, wakazaliana hadi wakawa tishio kwa konokono wa asili wa huko. Walistawi kwa sababu walikuta milima yenye mvua na ubaridi.

Sasa mweke mnyama huyo Ulaya, kwenye sebule yenye joto la nyuzi 24 usiku kucha. Hapumziki. Mchana nyuzi 22 hadi 26 zinamtosha, na tawi moja chini ya taa lifike 28 au 29 ili aote asubuhi. Usiku zima kila kitu, joto lishuke hadi 15 au chini kidogo.

Kinyonga aliyekomaa mpe kizimba cha wavu chenye kimo cha sentimita 120 na upana wa 60 kila upande. Tangi la kioo lililofungwa silipendi hata kidogo kwa kinyonga huyu: hewa ya joto, yenye unyevu na isiyotembea ndiyo inayoleta maradhi ya mapafu.

Ndani panda mimea hai. Kinyonga hana mazoea ya kunywa kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyotua kwenye majani. Mimea pia hupumua unyevu mchana kutwa na kumpa pa kujificha, maana kinyonga anayeonekana pande zote huishi kwa hofu. Katikati mimi hupanda Ficus benjamina, chini pothosi, pembeni sheflera. Mmea mpya usiuingize siku hiyohiyo. Osha majani, badilisha udongo, uukalishe nje wiki kadhaa, kwani vitalu vingi hupuliza dawa ya wadudu. Kisha pitisha vijiti vya kulala, vyenye unene ambao mguu wake unaweza kuukumbata.

Sakafu ianze na kokoto za udongo wa kuchomwa za kupitisha maji, juu yake kitambaa cha wavu, halafu udongo usio na mbolea ya dukani, na majani makavu. Ingiza kolembola na isopodi, vijidudu vinavyokula ukungu na kinyesi. Wakishazoea, kazi yako ya usafi hupungua sana.

Nyunyiza maji kabla taa haijawaka na tena jioni, na kati ya hapo acha kizimba kikauke kabisa. Wengi hukosea hapa kwa huruma, wakilowesha kila wanapopita.

Nyenje, ambao ndio chakula chake, walishe mboga za majani kwanza, kisha wapake poda ya kalisiamu isiyo na vitamini D3. Yenye D3 itoe mara mbili tu kwa mwezi. Vinyonga wa milimani huvimba shingo wakizidishiwa vitamini. Taa ya mrija ya UVB, miale isiyoonekana inayosaidia mifupa, ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka, maana miale huisha kabla ya mwanga, na matege huanza kimyakimya.

Kila kinyonga akae peke yake. Jike huzaa watoto hai baada ya mimba ya takriban nusu mwaka, hivyo hahitaji ndoo ya mchanga ya kutagia kama kinyonga wa Yemeni.

Na wewe unayesoma ukiwa Limuru au Arusha: yule wa kwenye ua wako mwache hapohapo. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria, na ua wako unamtunza vizuri kuliko kizimba chochote.

Kwa mwenye kizimba, tazama choo chake. Sehemu nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, ana kiu. Akifumba macho mchana, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia siku hiyohiyo.