Wapueblo hawajatoweka

Wageni wengi huingia Indian Pueblo Cultural Center, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, wakidhani wanakwenda kutazama mabaki ya watu waliokwisha. Sivyo hata kidogo. Kituo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1976, ni mali ya jamii 19 za Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico, na zote zipo hadi leo, kila moja na serikali yake.

Wala si kabila moja. Wanazungumza Kikeres, Kitiwa, Kitewa, Kitowa na Kizuni, na Mzuni hamwelewi Mtewa kila mmoja akisema lugha yake. Hata hivyo mwaka 1680 waliungana chini ya Po'pay, kiongozi wao wa dini, wakawafukuza Wahispania waliokuwa wakiwatawala, ambao hawakurudi kutawala hadi 1692. Naamini miaka hiyo 12 ilisaidia sana kuziokoa dini zao, na inastahili kujulikana zaidi.

Ngoma za pale kituoni huchezwa na wenyeji wenyewe, na kwao ngoma nyingi ni sala. Kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kupiga picha. Ukienda vijijini kwao, vingine hupiga marufuku kamera kabisa, na siku za ibada hufungwa kwa wageni.