Presha haisubiri kisogo kuuma

Barazani Chake Chake, kahawa ikimiminwa, hukosi kusikia: "Presha yangu naijua mwenyewe. Ikipanda, kisogo kinanigonga, ndipo nameza kidonge." Wasemao hivyo si wajinga; wanaamini mwili utawaambia.

Hauwaambii. Presha hupanda kidogo kidogo, mwili ukaizoea, na mwenye 170 kwa 100 anaweza kupanda mkarafuu, akashuka na pakacha lake bila ya kuhisi lolote. Kichwa kikiuma, mara nyingi kina sababu nyengine: kukosa usingizi, kiu, mafua. Huku ndani, kuta za moyo zinanenepa, figo zinachakaa, hadi asubuhi moja mdomo unakwenda upande na mkono haunyanyuki. Majirani watasema kapitiwa na shetani. Ni kiharusi, na kila dakika ya kumchelewesha hospitali ina gharama.

Kinachosema kweli ni kipimo. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, baada ya kukaa kimya dakika 5, hiyo ni presha. Na kahawa (samahanini, wanabaraza) isinywewe nusu saa kabla ya kupimwa.

Kidonge je? Kipimo kikishuka, ni kidonge ndicho kilichokishusha. Ukikiacha, presha hurudi. Amlodipini, moja ya dawa za presha, kweli huweza kuvimbisha miguu. Basi mwambie daktari akubadilishie, usiiache kimya kimya. Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku kwa kawaida humezwa baada ya kufutari au wakati wa daku. Muulize daktari wako kabla ya mwezi kuandama.