Thelathini na Kitu Lamu: Yasemwayo Barazani na Yalivyo

Ukivuka miaka thelathini Lamu, kila mtu ni kadhi wako. Utaulizwa utaoa lini kabla hujaulizwa hali. Mengi ya hayo ni maneno ya watu tu, na mengine si kweli kabisa.

Dhana: ujana umekwisha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inamhesabu kijana kuwa ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Umri huohuo ndio unaoangaliwa katika mikopo ya hazina ya vijana, na katika ile asilimia 30 ya tenda za serikali waliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nahodha wa boti mwenye miaka 32 bado anastahiki. Akikaa miaka mitatu akijiita mzee, hapo ndipo mlango utafungwa kweli.

Dhana: mwanamume mzima haishi kwa wakwe. Hii inanikera, maana inasemwa Lamu, si kwingine! Katika familia za nyumba za mawe, desturi ilikuwa mzazi kumtayarishia binti nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Nafasi ikikosekana, huongezwa orofa juu. Na nyumba ya jamaa ikiwa ng'ambo ya njia, hujengwa wikio: chumba kinachopita juu ya kichochoro kuziunganisha nyumba mbili, wanawake wapite bila kushuka barabarani. Siku punda atakapokubana ukutani kule mtaa wa Mkomani, inua macho, huenda likawa juu ya kichwa chako. Nyumba ilikuwa ya mwanamke, na ndoa ikivunjika aliyebeba sanduku lake ni mume. Kwa hiyo mtu wa miaka 34 anayekaa juu kwa mkewe hajaanza ushenzi wowote. La kumuuliza ni jingine: dari likivuja, nani anamlipa fundi?

Dhana: ukifika thelathini mwili hauchomi tena chakula. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, uliohusu watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba nguvu anazotumia mtu, zikipimwa kwa ukubwa wa mwili wake, hukaa palepale tangu miaka 20 hadi 60. Kitambi kimetoka kwingine. Mpira wa jioni umeachwa, biriani ya arusi imebaki ileile.

Dhana: mtoto akichelewa, tatizo ni la mke. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua polepole katika miaka hii, na kwa kasi zaidi baada ya 35. Lakini takriban nusu ya visa vya kukosa mtoto vina sababu upande wa mume pia. Mke anapelekwa kliniki, mume anakaa barazani akipokea pole. Wapimwe wote wawili.

Dhana: SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ni ya walioajiriwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mvuvi, fundi wa jahazi na mama wa mahamri nao wamo: kaya yao hukadiriwa kipato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mwaka mzima mbele.

Dhana: kuulizia mirathi ni tamaa. Baba amefariki, arubaini imepita, na kila ndugu anamwonea mwenzake haya. Huku chokaa inabanduka na boriti zinaoza, wala hapana anayetia mkono mfukoni, kwa kuwa haijulikani nyumba ni ya nani. Utaratibu wa sheria ya Kiislamu unajulikana: hutolewa gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mafungu. Dada ana fungu lake, nusu ya la kaka, hata kama ameolewa Mombasa na hajakanyaga Lamu miaka. Kuchelewa hakumpunguzii mtu aibu, kunazidisha warithi tu: ndugu mmoja akifa, fungu lake linakwenda kwa mjane na watoto wake, na kuta ni zilezile. Mahakama ya Kadhi ndiyo huyasikiliza haya. Anayetaka kuanza aende na cheti cha kifo na majina ya warithi wote, wakiwemo watoto wa mke wa pili ambao wengine wangependa kuwasahau.