Je, wajua? Mzazi asiyejua aljebra anaweza kumwinua mwanafunzi wa aljebra

Katika miji ya Marekani kama Louisville, Kentucky, au Portland, Maine, zipo familia nyingi ambazo lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Wengi wao ni Wakongo waliopitia kambi kama Nyarugusu na Kakuma. Mwaka 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani. Watoto wao wakitimiza miaka 11 hivi huingia shule ya kati, yaani darasa la 6 hadi la 8, na hapo ndipo malalamiko ya walimu huanza: wazazi hawaonekani. Mkutano unaitishwa, viti vinabaki vitupu, na mwalimu anaondoka akiamini kwamba nyumbani hakuna anayejali.

Nyumbani nako, mama aliyetoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama anajiambia: Kiingereza sina, hizo hesabu zenye herufi sizijui, huyu mtoto nitamsaidia nini?

Mwalimu na mama hawajawahi kuzungumza, lakini wameshikilia imani moja. Wote wawili wanadhani mchango wa mzazi hupimwa kwa mambo mawili: kufika shuleni, na kukaa na mtoto mezani kumsaidia masomo yenyewe. Kwa mtoto wa darasa la 2, imani hiyo si mbaya. Kwa mtoto wa darasa la 7 inapotosha, na inapotosha zaidi pale ambapo familia na shule hazitoki katika malezi ya aina moja.

Tuanze na kutofika mkutanoni. Mzazi aliyesomea Uvira, Kigoma au Bujumbura alikua akijua kwamba mwalimu ni mzazi wa pili, na kwamba ndani ya geti la shule neno ni la mwalimu. Mzazi aliitwa shuleni kwa ada, kwa sherehe, au kwa sababu mtoto ameharibu. Kwenda bila kuitwa, na kuuliza hesabu zinafundishwaje, kungeonekana ni kumvunjia mwalimu heshima. Kwa hiyo mtu huyo anapokaa mbali na shule, mara nyingi anatoa heshima ile aliyofunzwa, lakini shule ya Marekani inasoma uzembe. Ongeza zamu za kazi, usafiri, watoto wadogo wasio na wa kuwaangalia, na barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima anavyomtakia mwanawe.

Ni kweli kwamba si kila asiyefika ana sababu ya namna hiyo. Wapo wazazi waliojitenga, kama walivyo katika kila jamii. Ila kiti kitupu peke yake hakiwezi kukuambia ni yupi ni yupi, na walimu wengi wamekuwa wakikisoma kana kwamba kinaweza.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwaka 2009 watafiti Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya tafiti 50 zilizohusu ushiriki wa wazazi katika shule za kati, wakazichambua kwa pamoja. Walitaka kujua ni aina gani ya ushiriki inayoambatana na matokeo mazuri ya mtoto. Kufika shuleni, kujitolea na kuhudhuria shughuli kuliambatana na matokeo mazuri kwa kiasi cha wastani. Kumsaidia mtoto kazi ya nyumbani ndiyo aina pekee iliyoambatana na matokeo mabaya. Iliyozishinda zote kwa mbali ni ile isiyoonekana na mwalimu yeyote: mzazi kumweleza mtoto anachotarajia kwake na kwa nini elimu ina thamani, kuunganisha masomo na maisha anayoyatamani, na kuzungumza naye jinsi ya kupanga kazi zake. Hayo yote yanaweza kufanyika kwa Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda, jikoni, saa nne usiku.

Kwa nini iwe hivyo katika umri huu hasa? Maelezo yanayokubalika sana yanatokana na kazi ya Jacquelynne Eccles na wenzake, walioandika mwaka 1993 kwamba kijana wa umri huu anahitaji nafasi zaidi ya kujiamulia, na bado anahitaji watu wazima wa karibu. Chukua mfano wa jikoni. Mtoto wa miaka sita akitaka kusukuma chapati, unaweka mikono yako juu ya yake mkasukuma pamoja, naye anafurahi. Mwache afike miaka 13. Ukimnyang'anya kifimbo kila chapati inapopinda, chapati za leo zitatoka nzuri, lakini yeye atakuwa amejifunza kwamba huamini mikono yake. Kinachomfaa sasa ni kumwambia wageni ni wangapi na watafika saa ngapi, ili aone sababu ya kazi. Ni kumuuliza unga utamtosha na ataanza lini kukanda, ili apange mwenyewe. Ni kumwonyesha kwamba huna shaka wageni watakula wakashiba. Mama ambaye hajawahi kupika chapati maishani mwake anaweza kufanya yote matatu.

Hapa inabidi twende polepole kidogo. Tafiti nyingi kati ya zile 50 zinaonyesha mambo mawili yakiambatana, bila kuthibitisha kwamba moja limeleta jingine. Inawezekana kabisa kwamba wazazi huanza kusaidia kazi ya nyumbani baada ya kuona mtoto ameanza kushindwa. Basi msaada utaonekana umeambatana na alama mbaya hata kama haukuzileta. Kwa hiyo mzazi anayejua hesabu asifukuze mtoto aliyekuja na swali. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba asiyezijua hajapoteza nafasi yake, kwa sababu nafasi kubwa zaidi haikuwa pale.

Mfano wa chapati una pengo moja muhimu. Jikoni, harufu ya kuungua humfikia kila mtu. Shule ya kati haina harufu. Katika shule ya msingi ya Marekani mtoto huwa na mwalimu mmoja anayemjua kwa jina la mama yake. Akihamia shule ya kati anakuwa na walimu watano, sita au zaidi, kila mmoja akifundisha mara nyingi wanafunzi mia au zaidi. Kazi sita za sayansi zinaweza kukosa kukabidhiwa mzazi asijue mpaka ripoti itoke. Alama ziko kwenye programu ya intaneti yenye nywila, na mara nyingi anayeijua nywila hiyo ni mtoto mwenyewe.

Fikiria basi ile siku mama anapofanikiwa kufika. Meza zimepangwa ukumbini, kila mzazi ana dakika tano. Mwalimu anasema kijana hajakabidhi kazi sita na anakaribia kufeli. Kijana, ambaye ndiye mkalimani, anamgeukia mama: "Anasema ninaendelea vizuri, ila niongeze bidii." Mama anatabasamu, anashukuru, anampa mwalimu mkono kwa mikono miwili. Mwalimu anashangaa mbona mzazi anatabasamu. Mkutano umefanyika, sahihi imetiwa, na habari haijapita.

Jambo hili lilitazamwa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mei 1970, Ofisi ya Haki za Kiraia ya Marekani, ikitumia Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliziandikia wilaya za elimu kwamba taarifa ambazo wazazi wengine hupewa lazima ziwafikie ipasavyo na wazazi wa jamii zenye asili ya mataifa mengine, na kwamba huenda ikabidi ziwe kwa lugha isiyo Kiingereza. Mwongozo wa mwaka 2015 ulifafanua zaidi: shule isimtegemee mwanafunzi, ndugu yake au rafiki kuwa mkalimani. Mwongozo huo wa 2015 ulifutwa mwaka 2025, lakini sheria ya 1964 ingalipo, na mzazi bado anaweza kuomba mkalimani. Aombe mapema, na ataje lugha anayoielewa kweli, kwa kuwa shule nyingi huandika "Kiswahili" kwa kila Mkongo, hata pale ambapo bibi anayelea watoto anaelewa Kibembe tu.

Habari ikimfika mzazi, hutokea nini? Watafiti Peter Bergman na Eric Chan walijaribu katika wilaya ya Kanawha, West Virginia, katika shule 22 za kati na sekondari. Wazazi walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wenye mambo matatu: kazi ambazo hazijakabidhiwa, alama, na vipindi ambavyo mtoto hakuhudhuria. Hawakufundishwa malezi wala hesabu. Kufeli masomo kulipungua kwa asilimia 28 na mahudhurio darasani yakapanda kwa asilimia 12. Alama za mtihani wa jimbo hazikubadilika, na hilo lisifichwe: ujumbe wa simu ulimfanya mtoto aingie darasani na kukabidhi kazi, haukumfanya ajue zaidi mtihanini.

Hadi hapa habari imekuwa ikitoka shule kwenda nyumbani tu. Huko Tucson, Arizona, Luis Moll, Norma González na walimu waliofanya nao kazi waliigeuza njia. Walimu walikwenda majumbani kwa familia zenye asili ya Meksiko, safari hii wao ndio wanafunzi, wakiuliza watu wa nyumba ile wanajua nini. Wakakuta kilimo, ufugaji, uchimbaji madini, ujenzi, biashara ya mpakani, dawa za mitishamba. Mwalimu mmoja aligundua kwamba mwanafunzi wake huuza peremende kutoka Meksiko mtaani. Peremende zikawa somo la darasa zima, na mzazi mmoja akaja shuleni kuwafundisha watoto kuzitengeneza. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1992. Haina takwimu kubwa za kuonyesha alama zilipanda kiasi gani, lakini ilibadilisha swali ambalo mwalimu huenda nalo mlangoni, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Matokeo ya ajabu kuliko yote yametoka Ufaransa. Katika eneo la Créteil, pembezoni mwa Paris, kwenye shule za kati zenye familia nyingi za kipato cha chini, wazazi waliojitolea, wenye watoto wa mwaka wa kwanza, waligawanywa kwa kura iliyopigwa darasa kwa darasa katika mwaka wa masomo wa 2008 hadi 2009. Waliobahatika waliitwa kwenye mikutano mitatu hivi, wakielezwa shule inavyofanya kazi na mzazi anaweza kufanya nini. Utoro na adhabu vikapungua. Mtihani, kama Kanawha, haukusogea. Lakini tabia ilibadilika pia kwa watoto wa madarasa yale ambao wazazi wao hawakukanyaga mikutano hiyo. Watoto wachache walipotulia, wenzao walitulia nao.

Hili linaigusa Kenya moja kwa moja. Gredi ya 7 ya sekondari msingi ilianza mwaka 2023, watoto ni wa umri uleule, na mtaala wa umilisi umeweka ushiriki wa wazazi kati ya nguzo zake, huku wazazi wengi wakiusikia ushiriki huo kama amri ya kununua vifaa na kufanya miradi ya watoto usiku. Mwalimu mkuu akipata wazazi kumi tu walio tayari katika darasa la watoto arobaini, anaweza kuanza nao muhula huu.