Mwanasaikolojia hachukui kesi yako
Hapa Mbeya bado nasikia maafisa ustawi wa jamii wakisema, "Mpeleke kwa mwanasaikolojia, atamaliza." Sivyo. Katika mashauriano ya kitaalamu, yaani afisa anapomwomba mwanasaikolojia ushauri, kesi hubaki mikononi mwa afisa. Mwanasaikolojia humsaidia aione vizuri zaidi.

Tuseme mtoto wa Uyole anatoroka nyumbani kila mara. Mshauri mzuri haanzi na jibu. Anauliza: hutoroka siku zipi? Nani huwa nyumbani? Wewe umeshajaribu nini, na unakwama wapi? Swali hilo la mwisho ndilo zito, maana afisa anaweza kukwama kwa uchovu au woga, wala si kwa kukosa maarifa.

Gerald Caplan, daktari wa magonjwa ya akili, aliijenga njia hii kutokana na kazi aliyoanza Yerusalemu mwaka 1949: watoto wahamiaji walikuwa maelfu, wataalamu wachache, akawafuata walezi walikokuwa ili awashauri.

Ila mtoto akiwa hatarini, mlinde kwanza.