Serikali Isiyo na Wingi wa Viti Bungeni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila uchaguzi wa bunge unapomalizika bila chama chochote kuvuka nusu ya viti, na kiongozi wa chama kimojawapo akaapishwa hata hivyo kuwa waziri mkuu, malalamiko yanayosikika hufanana karibu kila nchi. Wapo wanaosema ushindi umeporwa, wapo wanaotabiri kwamba serikali haitamaliza mwaka, na wapo wanaoamini kwamba wabunge wanaoiunga mkono wamenunuliwa. Mengi ya malalamiko hayo hutokana na kusahau kanuni moja: katika mfumo wa kibunge wananchi huchagua wabunge, na serikali hudumu kwa muda wote ambao wabunge hao wana imani nayo. Anayeisahau kanuni hiyo humlaumu asiyestahili lawama na kumwacha anayestahili.

Jina lenyewe lina sehemu yake katika upotoshaji huu. Tukisikia "serikali ya wachache", mawazo hukimbilia Rhodesia ya Ian Smith au Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambako kundi dogo la watu liliwanyima walio wengi haki ya kupiga kura. Hapa raia wote wamepiga kura. Kilicho pungufu ni viti vya chama tawala bungeni, basi.

Dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote ni kwamba chama kilichopata kura nyingi zaidi nchini kote ndicho chenye haki ya kutawala. Nchini Kanada mwaka 2019, chama cha Conservative kilipata asilimia 34 ya kura na Liberal asilimia 33, lakini Liberal wakapata viti 157 kati ya 338 na wapinzani wao 121, kwa sababu kila jimbo huhesabiwa peke yake na kura za ziada katika jimbo ambalo umekwisha kushinda hazikuongezei kiti. Hali hiyo ilijirudia mwaka 2021. Uingereza iliyapitia hayo Februari 1974, pale chama cha waziri mkuu Edward Heath kilipopata kura nyingi kuliko chama cha Harold Wilson lakini viti 297 dhidi ya 301, katika bunge la viti 635. Heath hakuondoka siku ile ile, na watu wengi waliona anang'ang'ania madaraka. Ukweli ni kwamba waziri mkuu aliyepo hubaki ofisini mpaka ajiuzulu au bunge limkatae, na ana ruhusa ya kutafuta washirika. Heath alizungumza na chama cha Liberal kwa siku chache, mazungumzo yakashindikana, akajiuzulu tarehe 4 Machi. Mtu anayeona utaratibu huu wa majimbo hauwatendei haki wapiga kura ana hoja nzito, nami nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini hoja hiyo ni dhidi ya sheria ya uchaguzi, na haiigeuzi serikali iliyoundwa kwa kufuata sheria hiyo kuwa haramu.

Husemwa pia kwamba serikali ikishindwa kura moja tu bungeni imeanguka. Si kweli. Tarehe 15 Januari 2019, serikali ya Theresa May wa Uingereza, iliyotegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini, ilishindwa kwa kura 432 dhidi ya 202 juu ya makubaliano ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Kesho yake bunge lile lile lilipiga kura ya imani, na May akashinda kwa 325 dhidi ya 306. Kinachoiangusha serikali ni kura ya kutokuwa na imani, au kushindwa katika jambo linalohesabiwa kuwa la imani, hasa bajeti.

Je, serikali ya namna hii lazima iwe na maisha mafupi? Nyingine huwa hivyo. Joe Clark wa Kanada aliingia madarakani Juni 1979 akisema atatawala kana kwamba ana wingi wa viti. Desemba ileile bajeti yake, iliyoongeza kodi ya mafuta kwa senti 18 kwa galoni, ilikataliwa kwa kura 139 dhidi ya 133. Wabunge wachache wa chama kidogo cha Social Credit, ambao hakuona haja ya kuwabembeleza, hawakupiga kura upande wowote. Mwaka huohuo James Callaghan wa Uingereza aliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Mbunge mmoja wa chama chake, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa sana, ikaamuliwa asiletwe London kwa gari la wagonjwa. Alifariki siku chache baadaye. Kwa upande mwingine, P. V. Narasimha Rao wa India aliingia bila wingi wa viti mwaka 1991 na akamaliza miaka mitano, na serikali ya SNP, chama kinachotaka uhuru wa Scotland, ilianza huko mwaka 2007 na viti 47 kati ya 129 ikafika hadi uchaguzi wa 2011. Tofauti kati ya Clark na SNP haikuwa hesabu ya viti, maana Clark alikuwa karibu zaidi na nusu. Ilikuwa utayari wa kujadiliana juu ya kila bajeti.

Wanaodhani serikali ya aina hii haiwezi kufanya jambo kubwa wamtazame Lester Pearson, waziri mkuu wa Kanada, ambaye hakupata wingi wa viti mwaka 1963 wala 1965. Katika muda wake Kanada ilipata bendera yake ya sasa, mpango wa taifa wa pensheni na sheria ya mwaka 1966 ya huduma za matibabu.

Kuhusu wabunge "walionunuliwa", ni lazima kutofautisha. Chama kinaweza kuahidi kuiunga mkono serikali kwenye bajeti na kura za imani bila kupewa uwaziri hata mmoja, na kikadai sera kwa malipo, kama chama cha NDP cha Kanada kilivyofanya mwaka 2022 kilipodai huduma za meno kwa watu wa kipato cha chini. Hayo ni mapatano ya wazi. Rushwa ni kitu kingine: India iliona kesi ya wabunge waliodaiwa kulipwa ili kumwokoa Rao katika kura ya kutokuwa na imani mwaka 1993, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mbunge anayepokea hongo hana kinga ya kutoshtakiwa.

Mwisho, si kila serikali inayoanguka huleta uchaguzi. Nchini Hispania, Juni 2018, waziri mkuu Mariano Rajoy alipigiwa kura ya kutokuwa na imani, na Pedro Sánchez, ambaye chama chake kilikuwa na viti 84 kati ya 350, akachukua nafasi yake. Ujerumani nayo ina utaratibu kama huo: bunge haliwezi kumwondoa kansela, yaani mkuu wa serikali, bila kumchagua mrithi wake katika kura hiyohiyo, na ndivyo Helmut Kohl alivyoingia badala ya Helmut Schmidt tarehe 1 Oktoba 1982, miezi mitano kabla wananchi hawajaitwa kupiga kura.