Aseniki na Risasi katika Udongo wa Mashamba ya Zamani ya Matufaha: Mkazi Aanzie Wapi

Katika mabonde ya Wenatchee na Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, maelfu ya nyumba zimejengwa mahali palipokuwa mashamba ya matufaha. Miti iling'olewa miaka mingi iliyopita, viwanja vikapimwa, barabara zikachongwa, na aliyenunua nyumba hakuona dalili yoyote ya shamba isipokuwa pengine mti mmoja mkongwe ulioachwa uani. Wengi huja kuijua historia ya ardhi yao siku wanapoomba kibali cha ujenzi, au pale jirani anapoleta karatasi ya maabara inayosema kwamba udongo una aseniki na madini ya risasi. Kwa kuwa hatua zinazochukuliwa katika siku hizo za kwanza za hofu mara nyingine huongeza madhara, ni muhimu mkazi aelewe sumu hii ilikotoka na inavyomfikia mwanadamu kabla hajashika sepetu.

Adui wa mkulima wa matufaha alikuwa nondo mdogo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kulila kwa ndani. Dawa iliyotegemewa zaidi dhidi yake ilikuwa aseneti ya risasi, yaani mchanganyiko wa kikemia wenye aseniki na risasi, iliyotumika kwa mara ya kwanza mwaka 1892 huko Massachusetts dhidi ya nondo wa aina nyingine, kisha ikaenea katika karibu kila eneo la matufaha nchini humo. Kadiri miaka ilivyopita mdudu alijenga usugu, na wakulima wakajibu kwa kupulizia mara nyingi zaidi na kwa kipimo kikubwa zaidi katika msimu mmoja. Miaka ya 1920, baada ya Uingereza kulalamikia mabaki ya aseniki kwenye matufaha yaliyotoka Marekani, matunda yalianza kuoshwa kwa asidi kabla ya kufungashwa. Mlaji alipata nafuu, lakini dawa iliyodondoka chini ya miti haikuoshwa na mtu yeyote. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakulima walihamia kwenye dawa nyingine ya wadudu, DDT, na mwaka 1988 matumizi ya aseneti ya risasi kama kiuatilifu yalifutwa rasmi nchini Marekani.

Dawa nyingi za shambani huoza polepole kwa jua, maji na vijidudu vya udongo. Aseniki na risasi haziozi, kwa sababu ni elementi. Hakuna kitu kidogo zaidi ambacho zinaweza kuvunjika na kuwa. Risasi hushikamana na mboji na chembe za mfinyanzi, na aseniki hushikamana na oksidi za chuma na alumini, kiasi kwamba sehemu kubwa ya sumu iliyopulizwa miaka 90 iliyopita bado imo katika sentimita 30 hivi za juu. Ndiyo maana kwa kawaida visima virefu huwa salama ilhali uwanja wa kuchezea watoto hauko salama. Kwa kawaida, nasema, maana zipo tofauti: katika shamba la Barber, karibu na Waynesville, North Carolina, dawa zilisambazwa kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini, na tatizo lilianza kujulikana mwaka 1999 kupitia maji ya kisima cha nyumbani. Mwaka 2001 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo yanayopaswa kusafishwa kwanza.

Katika jimbo la Washington inakadiriwa kwamba takriban ekari 187,000 huenda zina mabaki ya dawa hii. Kiwango ambacho jimbo hilo hutumia kuamua kwamba udongo wa makazi unahitaji kusafishwa ni miligramu 20 za aseniki, au miligramu 250 za risasi, kwa kilo moja ya udongo. Anayepata jibu la miligramu 35 za aseniki asidhani kwamba familia yake imo katika hatari ya kufa wiki hii. Viwango hivi vimewekwa kwa kufikiria mtu anayeishi na udongo huo miaka mingi. Wala asidhani kwamba kwa sababu mzee fulani amelima hapo maisha yake yote bila kuugua, basi namba haina maana. Aseniki huongeza uwezekano wa saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu baada ya miongo kadhaa. Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na hadi leo hakijapatikana kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama.

Njia kuu ya sumu hii ni mdomo. Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani, huokota kijiko kilichoanguka. Mtu mzima huingiza vumbi kwa viatu, mbwa kwa nyayo zake, na upepo kupitia dirishani. Kuugusa udongo kwa mikono hakupitishi kiasi cha maana kwenye ngozi. Kwa hiyo kazi yote ya mkazi ni kuutenga udongo na kinywa, na kazi hiyo inawezekana hata kabla ya senti moja ya usafishaji kutolewa: kuvua viatu mlangoni, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, na kuotesha nyasi au kumwaga vipande vya mbao kila mahali palipo wazi. Mtoto mdogo aliyekuwa akicheza kwenye udongo huo apimwe risasi katika damu. Kipimo cha aseniki kwenye mkojo huonyesha tu kilichoingia siku chache zilizopita.

Upimaji wa udongo wenyewe ufanywe kwa sampuli kutoka sehemu kadhaa, kila moja ikiandikwa mahali na kina chake, kwa sababu dawa haikudondoka kwa usawa. Mahali palipochanganyiwa dawa au kujaziwa mapipa huwa na kiwango kikubwa kuliko kwingine kote, na mara nyingi hakuna alama iliyobaki. Mahali ambapo maharage au mipichi midogo hudumaa bila sababu panastahili kuchunguzwa, kwani aseniki nyingi hudhoofisha mizizi.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la mtu mwenye nia njema. Amesikia kwamba mbolea ya fosfati hufunga risasi, naye anaimwaga kwa wingi. Ni kweli kwamba fosfati hufunga risasi. Lakini fosfati na aseneti, yaani umbo la aseniki lililomo udongoni, zinafanana kikemia na hugombea nafasi zilezile kwenye chembe za udongo, hivyo fosfati nyingi huisukuma aseniki iachie na kuanza kusafiri na maji. Mwingine huchimba udongo wakati wa kiangazi, vumbi likamfikia jirani, kisha akaumwaga bondeni. Udongo usihamishwe kabla ya kupimwa na kabla ya mamlaka husika kusema utapokelewa wapi.

Familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zilizohamia Marekani hupanda mchicha na sukuma wiki uani, na swali lao ni la haki kabisa: je, tuache? Tufaha la mti wa zamani huchukua aseniki kidogo mno. Mboga za majani na viazi ndizo za kuangaliwa, hasa kwa udongo unaonata juu yake. Zipandwe katika matuta ya boksi yenye udongo safi, chini kukiwa na kitambaa cha kuzuia mizizi, na zioshwe vizuri. Boksi lisitengenezwe kwa mbao kuukuu zilizotiwa dawa, kwani nyingi za kabla ya 2004 zenyewe zina aseniki. Suala hili pia si geni nyumbani: majosho ya zamani ya ng'ombe yaliwahi kutumia dawa za aseniki, na udongo unaoyazunguka haufai kwa bustani kabla ya kupimwa.

Usafishaji wa kudumu una njia tatu: kuondoa udongo, kuuchanganya kwa kina na udongo safi wa chini pale kiwango kinapokuwa si kikubwa, au kuufunika. Wengi huchagua kufunika kwa sababu ya gharama, nami naona ni uamuzi wa busara, mradi kitambaa cha rangi kali kitandazwe kati ya udongo wa zamani na mpya, na ramani ya eneo lililofunikwa iwekwe pamoja na hati ya nyumba, ili mnunuzi wa miaka 20 ijayo atakapochimba msingi wa banda ajue kilicho chini yake kabla jembe halijapita.